Mini PC ya dada iliyogoma kuwaka mara tatu

Dada yangu ana steshenari Morogoro: anachapa, anaprinti, anatoa kopi. Kila mteja anakuja na flashi yake, na flashi nyingi zinakuja na virusi vyake. Unaifungua unakuta mafaili yote yamegeuka shotikati, na mwanafunzi kasimama mbele yako, ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo inatakiwa saa nane. Kompyuta ya dada ilipopigwa Windows upya kwa mara ya nne ndani ya mwaka mmoja, nilimwomba aniachie nipige Linux kwenye mashine nyingine kabisa. Akakubali kwa sharti moja, kwamba Jumatatu asubuhi iwe mezani inafanya kazi.

Tulinunua mini PC iliyotumika, Kariakoo. Ina Core i5-8500T, RAM GB 8 na diski ya NVMe ya GB 256. Ile T mwishoni ndiyo niliyoitafuta, maana prosesa hiyo imepangiwa wati 35, na kwa mtu anayenunua umeme wa Luku hilo ni jambo la kuangalia. Nikaandaa flashi ya Debian 12, aina mojawapo ya Linux, Ijumaa usiku.

Flashi iliwaka vizuri. Nikachagua lugha, kibodi, mtandao, hadi kwenye hatua ya kugawa diski. Hapo orodha ikaonyesha flashi yenyewe tu. Diski ya GB 256 haipo. Wazo la kwanza likawa kwamba tumeuziwa diski mbovu, na nikakaribia kumpigia muuzaji. Bahati nzuri, kwenye kisakinishi cha Debian cha maandishi ukibonyeza Alt na F4 unaona kernel, yaani kiini cha Linux, inavyojieleza. Nikapandisha mistari taratibu, nikakuta huu:

Found 1 remapped NVMe devices. Switch your BIOS from RAID to AHCI mode to use them.

Yaani diski ipo na ni nzima, ila BIOS, programu ya ndani ya mashine inayoanza kabla ya Linux au Windows, imeiweka nyuma ya mfumo wa RAID wa Intel, ule wa kuunganisha diski kadhaa, na Linux haiwezi kuifikia ikiwa huko. Niliingia BIOS, nikatafuta sehemu ya SATA, nikabadilisha RAID kuwa AHCI, njia ya kawaida ya kuzifikia diski. Diski ikaonekana. (Kama una Windows unayotaka kuibakiza, usibadilishe hapo kabla ya kuiandaa, kwani itagoma kuwaka na kukuletea skrini ya bluu. Sisi tulikuwa tunafuta kila kitu.)

Usakinishaji ukaisha kama saa sita usiku. Nikachomoa flashi, nikawasha upya. "No bootable device found." Yaani mashine haikuona diski ya kuwakia.

Nilirudia usakinishaji mzima, jambo ambalo sasa najua lilikuwa la bure. Matokeo yakawa yaleyale. Ndipo nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza mapema: kwa nini flashi inawaka na diski haiwaki, wakati zote mbili ziko kwenye mashine moja na zote ni Debian?

Jibu liko kwenye njia ambayo UEFI, yaani BIOS ya kisasa, inaifuata. Ikikuta diski ambayo maelezo yake hayamo kwenye kumbukumbu ya mashine, inatafuta faili moja tu, mahali pamoja: /EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Flashi ya usakinishaji ina faili hilo. Debian inaposakinishwa kwenye diski, inaweka faili zake kwenye /EFI/debian, kisha inaiandikia UEFI kwenye kumbukumbu kwamba "ukiwaka, nenda kule". BIOS nyingine haiyatunzi maelezo hayo, au inayapuuza. Niliwasha kwa flashi, nikaingia Advanced options, kisha Rescue mode, nikafungua shell ndani ya mfumo uliokwisha kusakinishwa na kuandika efibootmgr, amri inayoorodhesha maelezo hayo. Kulikuwa na mstari wa flashi na mstari wa kuwasha kwa mtandao. Mstari wa debian haukuwepo.

Kwenye menyu hiyohiyo ya Rescue kuna chaguo la kulazimisha GRUB, programu inayoiwasha Linux, iwekwe pia kwenye ile njia ya /EFI/BOOT. Limeandikwa "Force GRUB installation to the EFI removable media path". Nikalichagua, nikawasha upya, menyu ya GRUB ikatokea. Baadaye niliandika dpkg-reconfigure grub-efi-amd64 na kukubali swali hilohilo, ili GRUB ikisasishwa iendelee kuweka nakala pale.

Jumatatu mashine ikawa mezani. Jumanne asubuhi simu ikaita.

"Mdogo wangu, mashine imeandika maandishi meupe tu, haiendi."

Nilimwomba anitumie picha. Mstari wa chini ulisema (initramfs), yaani Linux imekwama hatua za mwanzo, na juu yake: ALERT! UUID fulani does not exist, yaani diski yenye namba hiyo ya utambulisho haipo. Nilikaa na picha ile kwa muda. GRUB ilikuwa imewaka na kernel imepakiwa, kwa hiyo BIOS inaiona diski. Linux ndiyo haiioni. Hali hiyo nilikuwa nimeiona Ijumaa. Nikamwelekeza kwa simu jinsi ya kuingia BIOS, akanisomea: RAID. Nikamuuliza tarehe inasemaje. Akasema mwaka 2018.

Dada huzima swichi ya ukutani kila anapofunga duka. Ni tabia nzuri, sitaki aiache. Lakini umeme ukikatika kabisa, kinachotunza saa na mipangilio ya BIOS ni kibetri cha CR2032, na chetu kilikuwa kimekufa. Kila usiku mashine ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na mipangilio hiyo ni RAID. Wikendi nzima sikuligundua kwa sababu nyumbani kwangu sikuwahi kuichomoa.

Nilipanda basi Jumamosi. Nilifungua mfuniko kwa skrubu moja, nikapima kibetri: volti 1.4, wakati kipya kinatoa kama 3. Kipya kilinigharimu shilingi 2,000 kwa fundi saa wa jirani. Nikarudisha AHCI, nikarekebisha saa, nikachomoa waya wa umeme kabisa, tukaenda kula wali na samaki kwa mama ntilie. Tulikaa saa nzima. Tuliporudi nilimwachia dada aiwashe mwenyewe. Ilipofika kwenye skrini ya kuingilia, mteja wa kwanza alikuwa tayari amenyoosha flashi yake.