Siku moja na mbung'o wa Shimba Hills

Saa 12 asubuhi. Ukingo wa msitu, Kwale, Kenya. Kabla ya kugusa mtego wa mbung'o tunatazama nguzo yake. Grisi ikifutika, siafu wamepanda na ndani ya kikapu yamebaki mabawa matupu. Mtego ukiwa mzima, tunajaza upya chupa za asetoni na mkojo wa ng'ombe, harufu zinazowavuta mbung'o.

Saa 2. Kikapu kinafunikwa kwa kitambaa kibichi na kuingia kwenye boksi lenye ubaridi. Mbung'o akikaushwa na jua ndio basi: kimelea tunachokitafuta ndani yake, cha malale au nagana (ugonjwa wa mifugo), tunakitambua kwa mwendo wake, na kilichokufa hakichezi.

Saa 3. Tunatenganisha spishi: pallidipes, austeni, brevipalpis. Kuwachanganya ni kosa, kwa kuwa hawali wanyama wale wale. Austeni, kwa mfano, hupenda nguruwe mwitu. Kisha umri. Dume tunamkadiria kwa kuchakaa kwa ncha za bawa, daraja 1 hadi 6. Jike kwa ovari.

Saa 4. Kazi ya mezani. Miguu na mabawa vinakatwa, kichwa kinavutwa polepole, na tezi za mate zinafuata kama nyuzi mbili nyeupe. Ukivuta kwa pupa zinakatikia kifuani. Tezi, mdomo na utumbo kila kimoja kina tone lake la maji ya chumvi, na sindano inafutwa kila mara, la sivyo vimelea vya utumbo "vitahamia" kwenye tezi na utaandika malale pasipo malale. Hadubini iko kwenye ukuzaji wa mara 400.

Aina ya vimelea inajulikana kwa mahali vilipo. Vikionekana mdomoni tu, ni kundi la vivax. Mdomoni na tumboni, congolense. Vikifika hadi kwenye tezi, brucei, jamii ya vimelea vya malale. Tumboni peke yake? Havijakomaa, tunaandika hivyo hivyo, bila kubahatisha.

Saa 9. Hesabu, na hapa ndipo wengi huteleza. Vivax hukomaa ndani ya siku chache, brucei huchukua wiki tatu na zaidi, kwa hiyo mtego uliojaa mbung'o vijana utatoa asilimia ndogo ya walioambukizwa hata kama vimelea vimejaa porini. Joto huharakisha ukomavu huo. Mbung'o anayekula damu kwa mara ya kwanza huambukizwa kwa urahisi, kwani utando wa utumbo wake haujakamilika. Mkubwa aliyeshinda njaa siku kadhaa naye hudhoofika akapokea vimelea. Asilimia isiyoambatana na safu ya umri hatuipeleki kwa daktari wa mifugo.

Saa 11. Sindano zinachemshwa, betri za hadubini zinawekwa kwenye chaji.