Nilivyojifunza PLC nikiwa fundi wa kontakta

Kwa miaka tisa kazi yangu kiwandani ilikuwa kontakta (swichi kubwa za umeme za kuwasha mota), breka na mota zenyewe. Umeme nilisomea chuo cha ufundi cha VETA, na sta-delta, ule mfumo wa kuwasha mota kubwa, naweza kuifunga huku napiga soga. Kisha ikaja laini mpya ya kujaza chupa. Nikafungua paneli yake, na pale nilipozoea kukuta safu za relei, zile swichi ndogo za umeme, zikigongagonga, nikakuta kiboksi kimoja cha kijivu chenye vitaa vya kijani. Hiyo ndiyo PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mashine kwa programu. Wageni walioifunga walikaa wiki tatu, siku mbili za mwisho wakatuonyesha slaidi, wakaenda zao uwanja wa ndege. Tukabaki na faili nene na namba ya simu ya ng'ambo.

Kilichonisukuma kujifunza ni aibu ya usiku mmoja. Saa nane laini ikasimama. Kreti ilikuwa imegonga sensa inayohesabu chupa na kuivunja. Stoo tulikuwa na nyingine, imenunuliwa Kariakoo, unene uleule wa M18, nyaya tatu zilezile: kahawia, buluu na nyeusi. Tukaifunga. Chupa ikipita, kitaa cha sensa kinawaka vizuri kabisa, lakini laini haitikisiki. Zamu nzima tukakubaliana kwamba programu imefutika. Tukakaa kusubiri kuche ili ng'ambo wapokee simu.

Yule bwana alipopokea hakuuliza chochote kuhusu programu. Aliuliza: kitaa cha ingizo la tatu kwenye PLC kinawaka? Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amekiangalia. Kilikuwa kimezima. Akasema tumsomee maandishi yaliyo ubavuni mwa sensa. NPN. Kwisha habari. Sensa ya aina ya PNP hutoa volti 24 kwenye waya mweusi; ya NPN huuvuta waya huohuo kuelekea sifuri. PLC yetu ilikuwa inasubiri 24 ambazo zisingekuja hata tungekesha wiki. Multimita ingetuambia hivyo kwa dakika moja, na multimita ilikuwa mfukoni mwangu usiku kucha.

Mwezi uliofuata nikanunua PLC iliyotumika, Siemens S7-1200, kwa jamaa mmoja aliyekuwa anabomoa paneli kuukuu. Ni ile ndogo, 1212C: maingizo 8, matokeo 6, na maingizo mawili ya analogi. Nikaipigilia kwenye kipande cha plaiwudi pamoja na saplai ya volti 24, vitufe vitatu na taa za rangi. Watoto wakaugeuza ubao huo mchezo wao. Programu ya kuandikia, TIA Portal, ina leseni ya majaribio ya siku 21, na kompyuta yangu ilikuwa dhaifu kiasi kwamba nikiifungua naweza kuoga na kurudi bado inazunguka. Siku 21 zile sikulala vizuri.

Nilichokikuta humo ndani kilinishangaza. Programu ya PLC inachorwa kama ngazi, na ule mchoro wa ngazi ni mchoro wetu wa kontakta uliolazwa ubavu! Kitufe cha kuwasha, kitufe cha kuzima, na kontakti ya kujishikilia. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1968 General Motors walikuwa wanatafuta kitu cha kuchukua nafasi ya makabati ya relei, Dick Morley na wenzake wakaja na PLC yao, Modicon 084, na ngazi ikashika kwa sababu fundi umeme wa kiwandani angeweza kuisoma bila kurudi shule. Mimi miaka yote nilidhani ni mali ya wenye digrii.

Kuna mahali palinikwamisha siku mbili nzima. Kitufe cha dharura hufungwa NC, yaani kinapitisha umeme muda wote hadi kibonyezwe, ili waya ukikatika mashine isimame yenyewe. Basi na mimi kwenye ngazi nikachora alama ya NC. Taa haikuwaka. Nikabadilisha waya, nikabadilisha kitufe, nikalaumu plaiwudi. Kumbe kitufe kisipobonyezwa tayari kinapeleka 1, yaani umeme upo, na alama ya NC kwenye ngazi inaigeuza hiyo 1 kuwa hapana. Ilitakiwa alama ya NO, kinyume cha NC. Leo kila ninayemfundisha anaangukia shimo hilohilo, nami namwacha akae humo kidogo.

Analogi, yaani ishara inayopanda na kushuka badala ya kuwa ipo au haipo tu, ilikuja kirahisi zaidi. Maingizo yake ni ya volti 0 hadi 10, kwa hiyo nikaweka rezista ya omu 500 ili 4 hadi 20 mA za sensa ya presha ziwe volti 2 hadi 10. Waya ukikatika, namba inayosomwa na PLC inadondoka chini ya 5,530, ile ya volti 2, na hapo unajua tatizo ni waya, si presha.

Kufundisha wengine nilianza kwa kuomba saa mbili za kila Jumamosi. Nikajibiwa hakuna bajeti ya mafunzo. Kiwanda kinalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi, ila ukitamka neno mafunzo ofisini, wote wanaangalia dari. Nikasema siombi hela, naomba meza. Nikapewa meza.

Vijana wa uanagenzi walikuja na kiu ya kompyuta. Mwezi wa kwanza sikuwaruhusu kuigusa. Mimi nafika mapema, naharibu kitu kimoja kwenye ubao: nalegeza skrubu ya waya wa sifuri, naweka fyuzi iliyokufa, nafunga sensa ya NPN. Wao wanatafuta. Kitaa cha sensa kwanza, kisha kitaa cha PLC, kisha multimita katikati ya hivyo viwili. Anayekimbilia skrini ananunua soda. Wiki za mwanzo tulikunywa soda nyingi.

Jumamosi iliyopita nikakuta wameniharibia wao. Kitaa cha sensa kinawaka, cha PLC kimezima. Nikaangalia sensa, ni PNP. Nikapima waya mweusi upande wa sensa, volti 24. Skrubu za PLC zimekaza. Nikavuta waya, haujakatika. Dakika arobaini, jasho linanitoka, wao wamekunja mikono.

"Kaka, ukikimbilia skrini unanunua soda," binti mmoja akanikumbusha.

Alikuwa amepaka ncha ya waya rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, akaacha ikauke, kisha akairudisha kwenye skrubu.