Jinsi Nilivyoiondoa Rangi ya Kijani Usoni mwa Babu

Nimechoka kusikia watu wakiambiwa kwamba kuchapa picha ya nyeusi na nyeupe ni kazi nyepesi kuliko kuchapa ya rangi, eti kwa kuwa "rangi zenyewe hazimo". Ushauri huo nilipewa hapa Moshi mjini na watu wanne tofauti, wote wakiwa na nia njema, na kila mmoja alinigharimu karatasi, wino na siku nzima. Leo picha 12 za babu yangu zimetundikwa katika nyumba 12, kuanzia Kibosho hadi Dar es Salaam, na hakuna hata moja ambayo uso wake una kijani. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe, mezani kwangu, kwa printa ya kawaida ya matenki sita ya wino.

Negativu nilirithi ndani ya kopo la biskuti. Ni ya filamu pana, mraba wa sentimita 6 kwa 6, na inamwonyesha babu amesimama chini ya migomba, amevaa koti jeusi na kofia, siku aliyotoka kupeleka kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Nyuma yake, upande wa kulia, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imejitokeza juu ya mawingu na theluji yake. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha giza ataona mara moja ugumu uliopo: uso wa mtu mweusi, ndani ya kivuli, chini ya ukingo wa kofia, na katika picha hiyo hiyo theluji inayopigwa na jua. Ukiutunza uso, theluji inapotea, na ukiitunza theluji, uso unageuka shimo. Ukoo wetu hukutana kila Desemba watu wanaporudi nyumbani kutoka mikoani, nami nilikuwa nimeahidi mbele ya wazee kwamba safari hii kila nyumba itapata nakala yake.

Kuiingiza negativu kwenye kompyuta hakukunisumbua. Nilitaka picha ya sentimita 20 kila upande, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli zipatazo 2,360 kila upande, na nilizipata kwa ziada. Kwenye skrini babu alionekana vizuri kabisa. Nikachapa nakala ya kwanza jioni, nikaifurahia chini ya taa ya sebuleni, na asubuhi yake nikampelekea shangazi, ambaye ndiye mtoto wa babu aliyebaki. Aliipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo barazani penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "baba yangu hakuwa na rangi ya majani."

Nilisogea nikatazama, nikaona ni kweli. Picha iliyokuwa na kijivu safi usiku ilikuwa na ukijani mwepesi shavuni na kwenye theluji, kana kwamba imefunikwa na kioo cha chupa. Niliirudisha nyumbani, na usiku chini ya taa ileile ukijani ukawa umetoweka. Hapo ndipo nilipoanza kuzunguka kutafuta msaada.

Mshauri wa kwanza aliniambia nisafishe kichwa cha printa mara tatu mfululizo. Usafishaji huo hunyonya wino mwingi na kuumwaga kwenye sponji la uchafu lililo chini ya printa, sponji ambalo likijaa printa hugoma kabisa, kwa hiyo si jambo la kufanya bila sababu. Nami sababu sikuwa nayo, kwani ukurasa wa kukagua matundu ya wino ulikuwa umetoka bila mstari hata mmoja uliokatika. Wa pili aliniambia ninunue karatasi ya bei kubwa ya kung'aa. Niliinunua, pakiti ya karatasi 20 kwa shilingi elfu ishirini na kitu, na ukijani ukatoka ukiwa unang'aa. Wa tatu aliniambia niigeuze picha kuwa ya kijivu tupu ndani ya programu, jambo ambalo tayari nilikuwa nimelifanya na ambalo, kama nilivyogundua baadaye, ndilo lililonifunga mikono.

Ukweli niliuona kwa kioo cha fundi saa, kile kidogo anachokibana jichoni, nilichoazima kwa rafiki yangu mwenye kibanda karibu na soko. Niliweka picha dirishani, nikainamia shavu la babu, na badala ya kijivu nikakuta uwanja wa vitone vya samawati, majenta (nyekundu inayoelekea zambarau) na njano, vimetawanyika kama punje za mtama uliomwagika, na vitone vyeusi vichache katikati. Nilikaa hapo karibu saa nzima, nikipita kutoka shavuni hadi kofiani, kutoka kofiani hadi kwenye theluji. Kijivu hakikuwepo popote. Printa ile ina wino mweusi wa aina moja tu, na mweusi huo ukitumika sehemu za mwangaza vitone vyake huonekana kwa macho, ndiyo maana mashine hujenga kijivu kwa kuchanganya rangi, tena ikisaidiwa na zile mbili hafifu za samawati na majenta. Rangi moja ikizidi hata kidogo, kijivu kinaegemea upande wake. Na kwa kuwa kila wino hurudisha mwanga kwa namna yake, mchanganyiko uliosawazika chini ya taa ya LED unaweza usisawazike juani. Shangazi alikuwa sahihi na mimi nilikuwa sahihi, kila mmoja chini ya taa yake.

Tatizo hili si geni kwa watu wa kazi hii. Printa za Epson za wino wa K3, zilizoanza kuuzwa mwaka 2005, zina wino mweusi wa ngazi tatu, kuanzia mzito hadi hafifu, ili kijivu kitokane zaidi na mweusi wenyewe. Huko Marekani, Jon Cone alikwenda mbali zaidi kwa mfumo wake wa Piezography, akaziondoa rangi kabisa na kujaza printa ngazi za kijivu tupu. Mimi sikuwa na uwezo wa kununua mashine nyingine, na Desemba ilikuwa inakaribia.

Mshauri wa nne ndiye aliyenipa ushauri uliokaribia kufaa: nitumie wino mweusi peke yake. Nilichagua kijivu na karatasi ya kawaida kwenye mipangilio ya printa, nikaweka karatasi isiyong'aa, nikachapa. Ukijani ulikwisha. Lakini paji la uso wa babu lilijaa chembechembe kama limenyunyiziwa pilipili manga, na theluji ya Kibo ikawa na vipele. Picha ya ukutani inayotazamwa kutoka mbali ingeweza kustahimili hali hiyo, na kwa picha zenye giza tupu bado ninaitumia njia hiyo kwa furaha. Picha ambayo wajukuu wataishika mkononi na kuisogeza karibu na uso haiwezi.

Hila iliyoniokoa ilitokana na kuacha kuupigania ukijani na kuanza kuchagua rangi mwenyewe. Kwanza niliirudisha picha kutoka kwenye kijivu tupu hadi kwenye mfumo wa rangi tatu ndani ya GIMP, programu ya picha isiyolipiwa, kwa sababu picha iliyofungiwa kwenye kijivu haikubali kuongezwa rangi yoyote. Kisha nilikata kipande kidogo kilichobeba shavu, kola ya koti na ncha ya theluji, nikakipanga mara 25 kwenye ukurasa mmoja wa A4, safu tano kwa tano. Kuelekea kulia niliongeza majenta kidogo kidogo. Kuelekea chini niliongeza njano. Kila kipande nilikipa namba ndani ya picha yenyewe. Marekebisho yote ya kujiendesha ya printa niliyazima, na aina ya karatasi niliyoichagua siku ile sikuibadilisha tena, kwa kuwa ukibadilisha karatasi unaanza upya.

Baada ya wino kukauka usiku kucha nilivikata vipande vile kwa mkasi, nikavitia kwenye bahasha, na kwa siku mbili nikatembea navyo. Saa 2 asubuhi nilivitandaza dirishani. Saa 7 mchana nikavitandaza barazani. Usiku vilikuwa chini ya taa nyeupe ya sebuleni, kisha chini ya balbu ya zamani ya manjano iliyobaki stoo, na umeme ulipokatika nikavitazama kwa mshumaa, maana kuna nyumba kule juu ambako picha hiyo ingetazamwa hivyo. Kila mara niliandika namba za vipande vilivyoonekana vibaya na kuviondoa mezani. Mwisho wa siku ya pili kilibaki kipande cha 17. Hakikuwa kijivu kamili. Kilikuwa na uvuguvugu wa kahawia, kama picha za zamani zilizochapwa studio. Kinabadilika na taa kama vingine, ila mabadiliko yake hayasumbui, kwa sababu jicho halitafuti tena kijivu safi cha kulinganisha nacho. Nilichapa ukurasa wa pili wenye hatua ndogo zaidi kuzunguka kipande hicho, na nikatua kwenye majenta 4 na njano 6. Namba hizo ni za printa yangu, wino wangu na karatasi yangu, na ukizinakili bila kupima utakuwa umerudia kosa langu la kuwasikiliza wale wanne.

Ulibaki uso. Kwenye karatasi babu alikuwa mweusi kuliko alivyo kwenye skrini, macho hayaonekani chini ya kofia. Mtu anayekuambia uongeze mwangaza wa picha nzima anakuibia theluji. Nilichora ngazi ya miraba 21, kutoka nyeupe hadi nyeusi kwa hatua za asilimia 5, nikaichapa kwa rangi ileile niliyoichagua, kwenye karatasi ya satini, yenye mng'ao hafifu, ambayo ndiyo niliyokuwa nimeamua kuitumia. Miraba ya asilimia 90, 95 na 100 ilikuwa kitu kimoja. Sikuweza kuitofautisha hata juani. Koti la babu na nusu ya uso wake vilikuwa vimelala humo humo. Upande wa pili wa ngazi, mraba wa 0 na wa 5 haukuwa na tofauti, na theluji yote ilikuwa hapo. Kwa hiyo, ndani ya programu, nilipinda mstari unaopanga mwanga wa picha ili weusi wa uso utoke kwenye eneo lile lililokufa na uingie kati ya asilimia 65 na 85, koti nikaliacha chini yake, na theluji nikaishusha ili sehemu ndogo sana tu ibaki karatasi tupu. Uso wenyewe niliuzungushia mstari wenye kingo laini na kuupandisha kidogo zaidi, kama fundi wa chumba cha giza anavyoukinga uso kwa kiganja chake chini ya taa. Picha nyingi za majaribio zinazosambazwa zina nyuso nyeupe, ambazo hukaa katikati ya ngazi na kutoka salama kwenye karibu printa yoyote. Anayechapa nyuso za kwetu atengeneze ya kwake. Mimi sasa natumia uso wa shangazi.

Nilipochapa nakala ya tisa, mistari myembamba ilianza kukatiza angani. Safari hii ukurasa wa kukagua matundu ulionyesha samawati hafifu imeziba, kwani nilikuwa nimeiacha printa wazi dirishani wiki nzima wakati wa vumbi. Nilisafisha mara moja tu. Ilipokataa, nililowesha kipande cha karatasi laini kwa maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya betri, nikakiweka chini ya kichwa cha printa usiku kucha, na asubuhi matundu yakafunguka. Ukienda kununua, soma chupa kwa makini, kwa kuwa katika rafu hiyo hiyo kuna asidi ya betri, na watu huviita vyote viwili maji ya betri. Tangu hapo naifunika printa kwa kitambaa na kuchapa ukurasa mdogo wenye rangi zote kila Jumamosi.

Nakala zote 12 nilizilaza juu ya meza siku nzima kabla ya kuzitia kwenye fremu, kwa kuwa wino usiokauka vizuri hutoa mvuke unaoacha ukungu ndani ya kioo. Kila moja niliiwekea pambizo ya kadi ili picha isigusane na kioo. Wino wa printa yangu ni wa rangi iliyoyeyushwa, si wa chembe, nao hufifia mapema zaidi, hivyo kila niliyemkabidhi nilimwomba asiitundike mkabala na mlango wa nje wala jikoni karibu na moshi wa kuni. Gharama zote, pamoja na karatasi nilizoharibu na fremu nilizochongesha kwa fundi seremala, zilifika kama laki mbili, labda zaidi kidogo.

Shangazi alipokea yake siku ya mkutano wa ukoo. Alitoka nayo tena barazani bila kuniambia neno, akaigeuza kulia na kushoto, akarudi nayo ndani hadi kwenye taa, kisha akaniita nimwonyeshe mahali pa kupiga msumari. Nakala ya 13, ambayo hakuna aijuaye, iko ndani ya bahasha ya karatasi kabatini, haijaona mwanga. Kila Desemba nitapanda nayo Kibosho na kuiweka kando ya ile ya shangazi, nione ya ukutani imefifia kiasi gani na kama wakati umefika wa kumchapia nyingine.