Kaka hakula hela ya dagaa

Kaka yangu ana bipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana. Naandika wazi kwa sababu mwenyewe kaniruhusu, kasema andika mdogo wangu ila jina langu usiweke, basi jina silitaji, ila haya mambo yalitokea hapahapa Kigoma, mwaloni Kibirizi, na mimi nilikuwemo kwenye makosa.

Kaka ni mtu wa kuhesabu. Tangu zamani tajiri mwenye vipe (vyombo vya kuvulia dagaa usiku kwa taa) alikuwa anamtegemea yeye pale mwaloni asubuhi dagaa wakishushwa, anajua nani kachukua beseni ngapi, nani kalipa yote, nani kalipa nusu na nusu ataleta lini, yote kichwani, hana karatasi. Wamama wa dagaa walikuwa wanamwita kompyuta. Sasa mwaka huu akaumwa, akalazwa, akatoka, akakaa nyumbani karibu miezi mitatu, hali ikawa nzuri kabisa, analala, anakula, anacheka na watoto, tukasema alhamdulillah amepona arudi kazini. Wiki ya pili tu hesabu ikapungua elfu themanini na tano. Tajiri akasema mbele za watu kwamba kaka kala hela. Na mimi, naandika hii kwa uchungu, nilimkalisha chini nikamuuliza hela umepeleka wapi. Akaniangalia akasema, "Mdogo wangu, sijala. Sikumbuki tu."

Sikumuamini. Siku tatu baadae mama mmoja wa Ujiji akaja mwenyewe na hela yake mkononi, anasema mbona nilimwambia huyu kijana nachukua leo nalipa Ijumaa, kwani hakuwaambia?

Hapo ndo nikaanza kutafuta. Mimi sio daktari, nauza duka, lakini usiku nikishafunga nakaa na simu nasoma, na yule tabibu wa kaka mungu ambariki ana uvumilivu wa kujibu maswali yangu.

Cha kwanza ambacho hatukuwahi kuambiwa kama familia: bipola sio kupanda na kushuka kwa hisia tu. Tulikuwa tunajua mania, ile hali halali siku nne anaongea bila kituo anataka kununua injini tatu za boti kwa mkopo, na tunajua sonona, ile ya kugeukia ukuta hataki hata uji. Tulikuwa tunadhani zote mbili zikiisha mtu anarudi alivyokuwa. Kumbe kwa wengi (sio wote, kuna wasiopata shida hii kabisa) akili inabaki na uzito hata hisia zikiwa zimetulia, na vinavyoguswa zaidi ni kukumbuka maneno uliyoambiwa, kukaa makini kwenye kitu kimoja muda mrefu, na kupanga mambo mawili matatu kwa pamoja. Sasa niambie, kazi ya mwaloni ni nini kama sio hizo tatu?

Madaktari wana vipimo vyake na havina sindano. Kimoja unasomewa maneno 15 ya kawaida tu, unayarudia, unasomewa tena, mara tano, halafu mnaongea mambo mengine kama nusu saa ndo unaulizwa tena yalikuwa yapi. Kaka baada ya ile nusu saa alikumbuka manne. Mtu aliyekuwa anabeba madeni ya wamama 30 kichwani. Alitoka pale kanyamaza mpaka tunafika nyumbani.

Mimi nikawa nataka karatasi. Nilitaka kipimo cha damu chenye muhuri nikamwekee tajiri mezani, soma, huyu mtu anaumwa, sio mwizi. Na kweli wanasayansi wanatafuta kitu hicho hicho kwenye damu, miaka mingi sasa. Kuna CRP, protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopambana na kitu, kuna interlukini-6 na TNF ambazo nazo ni za mwili kuwaka moto kwa ndani, na kwa watu wenye bipola ukiwachukua wengi kwa pamoja wastani unakutwa juu kidogo, hasa wakati wa mania, na baadhi ya tafiti zinaona wale wenye CRP kubwa wanafanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya kumbukumbu. Kuna nyingine inaitwa BDNF, hii ni kama mbolea ya seli za ubongo, inashuka mtu akiwa kwenye mania au sonona halafu inapanda akitulia.

Nilivyosoma hivyo nilifurahi sana nikampigia tabibu saa tatu usiku, dokta tumpime kaka hizi. Akanielewesha taratibu. CRP inapanda kwa malaria, inapanda kwa jino bovu, kwa kidonda, kwa unene. Sasa hapa Kigoma, mtu katoka ziwani ana homa, CRP yake itakwambia nini kuhusu kumbukumbu? Na BDNF ya kwenye damu, sehemu kubwa inakaa ndani ya chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwahiyo damu ikiganda kwenye kichupa zinaimwaga, jibu linabadilika kutokana na damu ilivyokaa na ilivyochakatwa, na isitoshe inashuka hata kwa mwenye sonona ya kawaida asiye na bipola. Ile tofauti ni ya makundi, mia huku na mia kule, ukimchukua mtu mmoja mmoja wanaingiliana. Hakuna kipimo cha damu cha kusema huyu ana bipola, wala cha kusema huyu amesahau kweli. Niliumia, nisifiche. Nilitaka damu imtetee kaka yangu.

Ila akaniambia kitu ambacho kwangu kimekuwa na faida kuliko ile karatasi, nacho ndo nataka wenye ndugu kama wangu mkisikie: kuna vipimo vya damu vya kawaida kabisa vinavyoweza kuonyesha sababu ya kusahau INAYOTIBIKA. Kaka anatumia kabamazepini. Hiyo dawa inaweza kushusha sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, na sodiamu ikishuka mtu anachanganyikiwa, anasahau, kichwa kinauma, na nyumbani mnasema ugonjwa umerudi. Kuna homoni ya tezi ya shingoni, ikiwa chini mtu anakuwa mzito mwili na akili, na wanaotumia lithiamu, dawa nyingine ya bipola, hiyo tezi lazima iangaliwe pamoja na figo. Kuna sukari, maana olanzapini, nayo dawa ya bipola, inanenepesha na sukari inapanda, na wenye bipola wakiwa na kisukari au unene mkubwa wastani wao wa kumbukumbu unakuwa chini zaidi. Kuna wekundu wa damu, kuna HIV, kuna kaswende. Hivi vyote daktari anajua avianzie wapi, wewe uliza tu.

Na hiyo lithiamu ndo dawa ambayo damu ina usemi wa moja kwa moja, sio ya kutabiri akili bali ya kulinda uhai. Daktari wa Australia, John Cade, aliandika mwaka 1949 kuhusu wagonjwa wa mania waliopata nafuu kwayo, na mpaka leo inapimwa kwenye damu, masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, wengi wanawekwa kati ya 0.6 na 1.0 (milimoli kwa lita ya damu), ikivuka 1.5 ni hatari, mikono inatetemeka, kutapika, kuchanganyikiwa. Ukiharisha au ukipungukiwa maji inapanda, ukimeza diklofenaki za dukani kwa ajili ya mgongo inapanda. Wavuvi wangapi wanameza diklofenaki kila asubuhi?

Lingine la kwetu huku kwenye malaria. Kabamazepini inapunguza nguvu ya Mseto mwilini. Mgonjwa wako akishikwa malaria usinunue Mseto kimya kimya, mwambie anayekutibu kwamba huyu yuko kwenye kabamazepini, na hiyo kabamazepini msiikatishe wenyewe.

Majibu ya kaka yalirudi sodiamu iko chini, sio ya kutisha ila chini. Dozi ikarekebishwa na tabibu, akapimwa tena baada ya wiki kadhaa ikawa imepanda. Akili imechangamka, sio kama zamani, ila imechangamka. Kule kwa maneno 15 safari hii alikumbuka saba.

Kuna shangazi bado anasema kaka alirogwa na watu wa vipe, mi sibishani nae tena, namwomba tu asiguse vidonge.

Kitu tulichobadilisha sisi wenyewe ni usiku. Mara zote mbili mania ilimkuta kwenye giza, zile wiki ambazo hakuna mbalamwezi na taa zinawaka ziwani mpaka alfajiri, alikuwa anaingia kwenye kipe usiku na asubuhi anasimamia mabeseni, halali. Kukosa usingizi kunaita mania, hilo halina ubishi. Sasa hivi haingii ziwani, anashinda kwenye chanja za kuanikia na saa tatu usiku taa tunazima nyumba nzima, hata mimi simu nasomea jikoni.

Tajiri hajawahi kusema samahani. Lakini kamnunulia daftari kubwa la kaunta, na kila mama anayechukua beseni anaandikwa palepale mbele yake, jina, beseni ngapi, kalipa kiasi gani, atamalizia lini, halafu anasaini au anaweka dole gumba. Jumamosi nilipita pale nikamkuta kaka kainama anaandika, yule mama wa Ujiji kasimama pembeni anamsomea taratibu, "Andika mbili, mwanangu. Mbili. Nimelipa moja."