Mizani ya Asubuhi na Bima ya Umma Vijijini Marekani

Mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika haanzi kuzidiwa siku anapobebwa na gari la wagonjwa. Huanza siku kadhaa kabla, mwili unapohifadhi maji na uzito ukapanda kilo moja leo na nyingine keshokutwa, huku mwenyewe akijiona mzima. Mizani iliyo nyumbani kwake, inayotuma kipimo cha kila asubuhi kwa muuguzi aliye mbali, huionyesha dalili hiyo mapema, na pengine simu moja na kuongezewa dawa ya kupunguza maji mwilini vikamwepusha na kulazwa. Kwa vijiji vya Marekani, ambako hospitali zaidi ya 100 zimefungwa au zimeacha kulaza wagonjwa tangu mwaka 2010, naona huduma hii ni ya lazima.

Vifaa vipo, kilichochelewa ni malipo. Medicare, bima ya umma ya wazee wa miaka 65 na zaidi na ya baadhi ya watu wenye ulemavu, ilianza kuilipia huduma hii kwa utaratibu wake mahususi mwaka 2019. Zahanati za vijijini zenyewe, ambazo hulipwa kwa mfumo wa pekee, ziliruhusiwa kudai malipo hayo mwaka 2024 tu. Inaniuma kwamba waliokuwa mbali zaidi na daktari ndio waliosubiri kwa miaka 5.

Hata baada ya hapo palibaki sharti ambalo sijawahi kuona mantiki yake: kifaa kililipiwa endapo tu kilikusanya vipimo vya siku zisizopungua 16 katika siku 30. Mzee aliyejipima siku 14, kwa sababu mtandao ulikatika au alikwenda kumuuguza dada yake, aliifanya zahanati ikose malipo yote ya kifaa kwa kipindi hicho, ingawa vipimo vyake vilisomwa na huenda vilimsaidia. Zahanati yenye wauguzi wawili haiwezi kuzibeba hasara za namna hiyo kila mwezi. Tangu Januari 2026 Medicare inalipia pia siku 2 hadi 15, na muda wa muuguzi unalipiwa kuanzia dakika 10 badala ya 20. Nimeyapokea mabadiliko hayo kwa furaha ya kweli.

Linalonisumbua sasa ni mchango wa mgonjwa, ambao kwa kawaida ni asilimia 20 ya gharama kila mwezi, na ambao mzee asiye na bima ya nyongeza hulazimika kuutoa mfukoni. Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, nayo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Serikali imetenga dola bilioni 50 kwa ajili ya afya vijijini kati ya mwaka 2026 na 2030, na fedha hizo zinaweza kununua mizani nyingi. Lakini muuguzi wa kuzisoma atahitaji mshahara mwaka 2031 pia, na mshahara huo utatoka kwenye bima.