Kabla hujatoka kaunta, omba nambari

Ukitaka kujua polisi ya Uganda inathamini nini, usianzie makao makuu Naguru. Nenda kituo cha karibu nawe Jumatatu asubuhi, watu wakiwa wengi, ukae kwenye lile benchi la mbao na uangalie kaunta. Angalia nani anaandikwa kitabuni na nani anaambiwa arudi kesho. Mimi mambo ya polisi nayapima hapo.

Nasema haya nikiwa mtoto wa polisi. Nililelewa katika kambi ya Nsambya, kwenye zile nyumba za mabati za duara tunazoita unipoti, ambazo saa saba mchana hazikaliki na usiku wa mvua hamsikilizani humo ndani. Baba alitoka Teso. Jirani wa kushoto alikuwa Mlugbara, wa kulia Mukiga, na sisi watoto tukakua na Kiswahili kwa sababu ndicho wazazi wetu walichofanyia kazi. Baba alikuwa koplo na alikaa kaunta miaka mingi. Alikuwa na rula yake mwenyewe ya kupigia mistari kitabuni, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Alikuwa akituambia kwamba mtu akifika mbele yako, kwanza unamwandika. Kuamua kama anasema kweli ni kazi ya wengine.

Kitabu chenyewe ndicho shajara ya kituo, SD kama wanavyoiita polisi wenyewe. Kila kinachotokea kituoni kinapaswa kuingia humo kwa saa yake: aliyeletwa, aliyetoka, aliyekuja kulalamika, simu iliyopigwa, askari aliyekabidhi zamu. Lalamiko lako likiandikwa linapata nambari, ya tukio kwanza kisha tarehe. Wakiona ni kosa la kuchunguzwa, linafunguliwa faili na kupewa nambari nyingine ya CRB, kitabu cha kumbukumbu za makosa, na hiyo ndiyo itakayotembea na kesi mpaka mahakamani. Ukitoka bila nambari, kwa kumbukumbu za kituo hukufika. Kesho zamu imebadilika, askari uliyeongea naye yuko lindo benki, na aliyepo anakuuliza, "Mama, ulikuja lini?" Hata kitambulisho cha taifa kikipotea, NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho, watakutaka barua ya polisi, na barua hiyo inaanzia kwenye kitabu kilekile.

Katiba ya 1995 inaeleza kazi hii vizuri. Ibara ya 212 inawapa polisi mambo manne: kulinda uhai na mali, kudumisha sheria na utulivu, kuzuia na kugundua uhalifu, na kushirikiana na mamlaka za kiraia, vyombo vingine vya usalama na wananchi kwa jumla. Ibara iliyotangulia inataka jeshi lenye uzalendo, weledi na nidhamu, na askari mwenye tabia njema. Nayapenda maneno hayo na huyasoma kwa sauti kwenye vikao vya akina mama ninavyosaidia huku mashariki, karibu na mpaka wa Kenya. Lakini anayekuja na mkono uliovimba hajui ibara. Anajua uso wa askari aliyemkuta.

Mwaka jana nilimsindikiza kituoni jirani yangu, muuza mukene, yaani dagaa. Mume alikuwa amempiga usiku na mkono wa kulia haukunyanyuka. Kituo sikitaji. Askari wa kaunta, kijana tu, alimtazama, akaweka kalamu chini na kusema, "Mama, haya ni mambo ya nyumbani. Nendeni kwa mwenyekiti wa LC mkayamalize." LC ni baraza la kijiji.

Nikamwambia, "Afande, tunaomba uandike kwanza. Akitaka kuyamaliza kwa mwenyekiti, atayamaliza yakiwa yameandikwa."

Akasita. Sikupandisha sauti, wala sikumtajia baba. Nilimuuliza tu kama afisa wa kitengo cha watoto na familia yupo. Yupo, chumba cha nyuma. Akatoka dada mmoja wa kaki iliyopigwa pasi, akampokea yule mama kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia aliuona ulivyo, akampeleka kwenye kiti na kufunga mlango. Maelezo yalichukua muda mrefu. Aliandika kwa mwandiko mkubwa, na alipomaliza alimsomea yote, polepole, sentensi baada ya sentensi. Palikuwa na mahali alipoandika "alinisukuma". Jirani yangu akasema hapana, alinipiga na mpini wa jembe. Dada yule hakubishana. Alikata mstari mmoja juu ya neno lile, akaandika upya, akamwomba aweke sahihi pembeni ya masahihisho, kisha chini ya kila ukurasa. Akafungua droo, akatoa Fomu ya Polisi namba 3, ya kupimiwa majeraha, akajaza sehemu yake na kutuelekeza kituo cha afya cha serikali. Shilingi hatukuombwa.

Huyo dada ndiye polisi niliyelelewa kumheshimu. Alifanya kinachotakiwa na sheria ya ukatili wa nyumbani ya 2010, ambayo inamtaka polisi amsaidie aliyepigwa apate matibabu na amweleze haki yake ya kufungua kesi. Na wote wawili, yeye na yule kijana, wanavaa kaki moja na kula mshahara wa serikali moja, ukuta mmoja tu katikati yao.

Sasa habari ya pesa. Fomu 3 hailipiwi. Fomu 3A, ya waliobakwa au kunajisiwa, nayo hailipiwi. Kuandikisha lalamiko hakulipiwi. Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kumtoa mtuhumiwa seli, ni bure, na bango la kusema hivyo limebandikwa kwenye vituo vingi, wakati mwingine juu ya kichwa cha anayekuomba "kitu kidogo". Kinachowasumbua watu wetu zaidi ni mafuta. Unalalamika, mtuhumiwa anajulikana alipo, unaambiwa gari halina mafuta, weka ya kutosha twende tukamkamate. Maskini hukata tamaa hapo na kurudi nyumbani. Mwenye nazo hulipia, na tangu hapo kila mtu kijijini anajua polisi walikuja kwa mafuta ya nani.

Upande wa pili naujua pia. Nimeona baba akinunua karatasi za maelezo kwa pesa ya posho yetu. Nimeona vituo vidogo vya gombolola, ngazi iliyo chini ya wilaya, vyenye pikipiki moja ambayo tairi lake limeisha. Askari anayelala unipoti na watoto wanne anadaiwa utulivu ambao wengi wetu hatungeuweza. Serikali inapaswa kuwapa nyumba, mafuta na karatasi, na nitalisema hilo kila nikipewa nafasi. Lakini wino wa kumwandika mama aliyepigwa haujawahi kuwa ghali kiasi hicho.

Na sisi raia kuna jambo tunawaonea nalo polisi. Mtuhumiwa akitolewa kwa bondi, mtaa mzima unasema wamekula pesa. Ibara ya 23 inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 48 kupita. Kama uchunguzi haujaiva, bondi ndiyo njia ya kisheria ya kumtoa seli huku kesi ikiendelea, na ataitwa kuripoti tarehe atakazopewa. Bondi haifuti kesi. Jirani yangu alilia aliposikia mumewe ametoka, na ilibidi yule dada amweleze hayo yote mara mbili, na kumpa nambari ya simu ya kupiga akitishwa tena. Kupigwa mtuhumiwa akiwa seli ni jambo jingine kabisa: tangu 2012 tuna sheria dhidi ya mateso, na afisa anayetesa anajibu yeye mwenyewe, hata akisema aliamrishwa.

Wazee wengi wa kwetu hawaendi kituoni kabisa. Wanakumbuka panda gari za miaka ya 1980, vijana wakizolewa barabarani kupelekwa kusikojulikana. Huwezi kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba polisi ni rafiki yake. Inabidi amwone mmoja anayemwandika na kumrudishia kitambulisho chake mkononi.

Wafanyabiashara wanaovuka kutoka kaunti ya Busia, Kenya, huniuliza kwetu polisi wa wilaya anamjibu nani. Marekani kuna kaunti zenye idara zao za polisi, na bajeti inapitishwa na viongozi waliochaguliwa palepale. Hapa jeshi ni moja la taifa: kutoka kituo kidogo, kwa OC, yaani mkuu wa kituo, kwa DPC, kamanda wa polisi wa wilaya, mpaka kwa Inspekta Jenerali. Hatumpigii kura DPC. Ndiyo maana naing'ang'ania nambari. Ukiwa nayo unaweza kumwona OC wa kituo. Akikupuuza, nenda kwa DPC. Kikosi cha viwango vya kitaaluma kipo kwa ajili ya malalamiko dhidi ya askari, na Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda inapokea malalamiko bila ada. Kote huko swali la kwanza ni hilohilo: ulilalamika lini, na nambari yako ni ipi?

Dharura ni 999 au 112. Mtoto akiwa hatarini, 116.

Kesi ya jirani yangu imefika kwa mwanasheria wa serikali, ambaye ndiye wa kuamua kama mashtaka yanafunguliwa. Mkono umepona ila hawezi kubeba ndoo kubwa. Kwenye baraza lijalo la gombolola nitamwomba OC jambo moja mbele ya watu: abandike kaunta siku na saa ambazo afisa wa watoto na familia yupo, na jina la anayeshika nafasi yake akiwa likizo. Mkiwa jirani, njooni tumwombe pamoja.