Kadhi (mchuzi wa mtindi) ya bamia kwa Ba, Mandvi

Kulipopambazuka, treni ya kutoka Mumbai ilikuwa inakata mashamba ya chumvi ya Kutch, Gujarat, magharibi mwa India, mafungu meupe kulia na kushoto. Tukashuka Bhuj, mji ulioangushwa na tetemeko la Januari 26, 2001 ukajengwa upya, tukapanda gari hadi Mandvi, kilomita 60 hivi kusini.

Mzanzibari akifika Mandvi hajioni mgeni sana. Kando ya mto Rukmavati bado wanaunda majahazi ya mbao, na mafundi wananing'inia ubavuni na nyundo zao. Zamani vyombo vya pwani hii vilishuka Unguja na pepo za kaskazi vikiwa na nguo, vikarudi na kusi vimejaa pembe na karafuu. Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Zanzibar zama za Sayyid Said, asili yake ni Kutch hii hii.

Mwenyeji wangu ni rafiki wa utotoni, mzaliwa wa Unguja, aliyeolewa huku. Mama mkwe wake kila mtu humwita Ba, nami nikafuata. Nilimkuta amekaa chini jikoni, anafuta bamia kwa kitambaa, moja baada ya moja. Zilishaoshwa nzimanzima, na kisu hakigusi kitu mpaka zikauke. Maji ndiyo yanayoamsha utelezi. Kisu nacho akakifuta.

Akazikaanga kwa mafuta, sufuria wazi, bila chumvi kwanza, maana chumvi nayo hutoa maji. Zile nyuzi za utelezi zilivutika, zikapungua, zikakatika, kingo zikaanza kuwa kahawia. Pembeni alishapiga mtindi mchachu na unga wa dengu na maji mpaka laini. Unga ndio unaouzuia mtindi usikatike ukipata moto. Akatia tangawizi na pilipili mbichi za kutwanga, kipande cha sukari guru, chumvi, akanipa mwiko: koroga, usiache mpaka uchemke. Manjano hakutia, kadhi ya Kigujarati hubaki nyeupe.

Bamia zikaingia, halafu ikaja samli ya moto: haradali zikapasuka, jira, uwatu, pilipili kavu, karafuu tatu (hapo nilijivuna kidogo) na chembe ya mvuje. Mvuje! Kwetu watoto hufungiwa shingoni kukinga kijicho, na harufu yake mbichi inakimbiza hata wakubwa. Ba hali kitunguu wala kitunguu saumu kwa dini yake, na ile chembe ilipogusa samli, jiko zima likanukia kama vitunguu vilivyoiva. Nimewahi kula kadhi hotelini, nzito kama uji. Hii ilikuwa nyepesi, chachu, bamia hazijalainika mno. Tulikula kwa kichri ya mchele na choroko na mkate wa uwele uliopakwa samli. Utamu tu ulinizidi, lakini Wagujarati hapo hawasikii la mtu.

"Na nyinyi bamia mnapikaje?" Ba akauliza.

"Mwambie tunatia papa mkavu," nikamjibu rafiki yangu.

Akanitazama, akamgeukia mkwewe anayeapa hajawahi kuonja samaki, akamwambia tunatia nazi. Ba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniongeza kadhi.